Maji Kwanza, Bodaboda Baadaye

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa Ujiji, habari za saiti? Sitawaweka sana, zege halilali.

Nina la chokaa ambayo haijazimwa, yaani haijatiwa maji. Jiwe lile limechomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi, na likikutana na maji linachemka lenyewe bila kuni. Sasa kumbukeni kuwa jasho ni maji, na jicho limelowa muda wote.

Saidia fundi wetu mmoja alimwaga maji kwa mkupuo kwenye pipa la chokaa. Chokaa ndiyo hutiwa kwenye maji, kidogo kidogo, lakini nani alikuwa amemfundisha? Ikaruka, ikampata jicho la kushoto. Tukamfuta kwa fulana, tukaita bodaboda, tukampakia. Njia nzima chokaa inamla. Nesi alipopindua kope alikuta vipande vyeupe vimeganda chini yake. Na pale kwenye pipa tulikuwa tumeacha ndoo mbili za maji, zimejaa. Mpaka leo nazikumbuka rangi zake. Watu wa Ziwa Tanganyika, tukashindwa kwa maji!

Aliyeingiwa na chokaa jichoni mlaze hapo hapo, kichwa kiinamie upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie kwenye jicho lisiloumia. Mpanue kope hata akilia, mimina maji safi taratibu, dakika 20 zisipungue, na njiani kuelekea hospitali aendelee kumiminiwa. Ikiwa ni unga mkavu mwilini, mvue nguo, upanguse kwanza, ndipo umwage maji, tena mengi, maana machache yanauamsha tu. Ndimu na siki msiguse, mtamwunguza mara ya pili.

Saruji mbichi inaunguza kimyakimya. Unapiga magoti sakafuni asubuhi, husikii kitu, jioni goti limechubuka hadi nyama. Nawa mapema.

Mama zangu, kuna thina, ile ya kuyeyushia rangi, tunayoibakiza kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kosa hilo ni letu mafundi, naomba radhi. Mtoto akiinywa, msimtapishe, wala msimpe maziwa. Ikirudi juu inateleza kuingia mapafuni, na huko ndiko inakoua. Mkimbizeni hospitali, chupa yenyewe mkononi.

Sasa kijana mmoja aje alale hapa mbele. Tutamimina dakika 20 kamili, tuhesabu zinakwenda ndoo ngapi.