Ua Ulioshuka Mpaka Majini

Mhadhara kwa wakazi wa pwani ya Kilifi na wenye yadi za boti

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wenye boti mliokubali kuja kuketi na majirani zenu, asalaam aleikum na hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie malalamiko ya nyumba zilizopakana na marina na yadi za boti huku kwetu. Nitaanza na faili moja niliyowahi kushughulikia. Ni ya mama mjane ambaye nyumba yake na yadi ya boti zimetenganishwa na ukuta wa mawe ya matumbawe tu. Alikuwa ameandika barua nne. Kila barua ilibeba mambo yote kwa pamoja: kelele za usiku, vumbi, jenereta, boti zilizopandishwa juu ya vyuma zikamzibia bahari, na ua wa seng'enge ulioshuka mpaka ufuoni. Hakujibiwa hata moja. Aliyesoma habari za vumbi alisema hayo ni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, aliyesoma habari za ua akasema hayo ni ya ardhi, na barua ikabaki inazunguka mezani. Mama akaamini yadi imewanunua watu wote, na yadi nayo ikaamini mama ana chuki. Walikuwa hawasalimiani, ingawa mpwa wake mwenyewe alikuwa fundi mle ndani, akipiga boti msasa.

Nilikwenda kwake jioni, nikaomba nikae barazani hadi usiku. Mnaoishi karibu na mashua za kisasa mnaijua sauti ile. Upepo ukivuma, henza, yaani kamba za kupandishia tanga, hugonga mlingoti wa alumini: ting, ting, ting. Mashua moja si neno, ila pale zilikuwa kama ishirini, kila moja na mpigo wake. Mama alikuwa hajapata usingizi mzuri tangu kusi, upepo wa kutoka kusini, ianze.

Kanuni za kelele za 2009 zimeweka kikomo cha desibeli 35 kwenye makazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ningeweza kumshauri aanzie hapo: alete mpimaji na kifaa, tusubiri usiku wenye upepo, tuandike. Badala yake asubuhi nilimwomba msimamizi wa yadi aje anywe chai kwa mama, aketi pale pale nilipokuwa nimeketi. Alisikiliza dakika chache, akaona aibu. Kijana mmoja mwenye vipande vya kamba alizivuta henza zote mbali na milingoti, akazifunga pembeni. Kazi ya asubuhi moja, wala haikugharimu kitu. Jenereta ilihamishiwa upande wa pili wa karakana wiki ileile.

Jirani akiombwa vizuri hutoa hata yale ambayo sheria ingemchukua miezi kuyatoa. Hilo nimeliona mara nyingi, nalitetea kwa moyo wangu wote, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize suluhu na upatanishi. Lakini nataka mnisikilize kwa makini hapa, maana si kila jambo ni la kupatana.

Turudi kwenye ua. Mama aliutaja mwishoni mwa kila barua, kwa mstari mmoja, kana kwamba ni jambo dogo. Lililomuuma zaidi lilikuwa bahari aliyozibiwa. Kwa hilo nilimwambia ukweli: kibali cha yadi hakikuweka kikomo cha urefu wa boti zinazopandishwa, na kuiona bahari kupitia uwanja wa mwenzako si haki ya kudai. Kuhusu ua, nilimwomba tungoje bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo.

Siku mbili baada ya mwezi mpevu tulishuka ufuoni kama saa kumi na moja jioni: mimi, mama, msimamizi, mpima ardhi, na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo. Maji yalipanda polepole, yakafika kwenye nguzo ya mwisho ya ua, kisha ya pili yake, kisha ya tatu. Ya nne yaliigusa miguuni yakatulia. Mpima ardhi alikuwa na ramani ya kiwanja na alishaziona bikoni, alama za mipaka. Kujua maji yanajaa hadi wapi, wapimaji hutazama bamvua za kawaida, si ile siku moja ya mwaka bahari inapofurika, na bamvua ile ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Serikali ya kitaifa inaishika kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Nguzo tatu na ushei zilikuwa zimesimama juu ya ardhi yetu sote, zikiwazuia akina mama wanaopita na ndoo kwenda kununua samaki majahazini.

Msimamizi, kwa nia njema kabisa, akamwambia mama atamkatia mlango kwenye ua na kumpa ufunguo. Mama akafurahi. Akanigeukia niandike.

Nilikataa. Nilimuuliza: ufunguo huo ni wa kufungulia nini? Ufuo si wa yadi ili itoe ruhusa, wala si wako wewe ili uipokee peke yako. Mwenye ndoo wa kesho atapita wapi? Hapo ndipo mazungumzo ya majirani yanapokoma na ofisi ya mipango ya kaunti inapoingia. Sheria ya mipango ya 2019 inaipa kaunti uwezo wa kutoa ilani ya utekelezaji, na aliyepewa ilani akiona ameonewa ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti. Safari hii mama aliandika barua ya ukurasa mmoja, jambo moja: ua, ramani, na picha za nguzo zikiwa majini. Ilijibiwa. Nguzo ziling'olewa.

Kwa hivyo kabla ya kulalamika, ombeni nakala ya kibali na ya leseni ya mazingira. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Someni masharti kwanza. Mara nyingi jibu limo humo, na mara nyingine mtagundua jirani hajavunja lolote.

Vumbi halijaisha. Vumbi la rangi ya chini ya boti lina shaba na sumu nyingine za kuzuia chaza, na lile la faiba hukwaruza kifua. Yadi imetundika maturubai na inamwagia sakafu maji, lakini kusi ikivuma kwa nguvu linavuka ukuta. Nimemwomba mama awe na daftari: tarehe, saa, upepo umetoka wapi, boti gani ilikuwa inapigwa msasa. Ukaguzi wa mazingira wa mwaka ukifika, daftari hilo litasomwa pamoja na ripoti ya yadi. Majina ya boti huandikiwa na mpwa wake, jioni akitoka kazini, kabla hajaoga.