Plagi ya Oveni Iliyoungua, na Trei ya Biskuti ya Kuijaribia

Karibuni. Leo tunabadilisha plagi ya oveni ndogo ya mezani, halafu tunaoka biskuti tuone kama kazi imekubali. Unga tunauanza kwanza, kwa sababu unahitaji nusu saa ya friji, na muda huo unatosha kabisa kufunga plagi.

Piga siagi gramu 125 na sukari gramu 100 mpaka zilainike na kuwa nyeupe. Siagi iwe laini ya kubonyea kidole, isiwe imeyeyuka. Ikiyeyuka, biskuti zitatandaa kwenye trei na kushikana. Weka yai moja na iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Chekecha humo unga wa ngano gramu 250, beking pauda nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Changanya mpaka ushikane tu, basi. Ukikandwa kama wa chapati, biskuti zitakuwa ngumu. Funika, weka kwenye friji.

Nawa mikono, kausha vizuri. Sasa plagi.

Kama imeyeyuka na kunasa kwenye soketi, usiivute: zima mein swichi kwanza. Sogeeni muone hii. Plastiki imekuwa nyeusi upande wa fyuzi, lakini fyuzi yenyewe ni nzima. Wengi huilaumu oveni, ila mara nyingi kosa ni skrubu iliyolegea. Oveni ya wati 1,800 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 8, tena kwa muda mrefu. Waya usiposhikwa sawasawa, joto linajikusanya pale pale kwenye skrubu. Fyuzi haikati, kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango chake.

Ichunguze na soketi. Ikiwa tundu lake limeungua au plagi inachezacheza ndani, plagi mpya nayo itaungua. Soketi hiyo ibadilishwe na fundi.

Unaponunua plagi, tazama miguu yake. Miwili mifupi iwe na plastiki karibu na kichwa, ule mrefu wa ethi, yaani waya wa usalama, uwe chuma kitupu mpaka juu. Ethi ikivalishwa plastiki, hiyo ni feki, irudishe dukani. Fyuzi iwe ya ampea 13. Wapo wanaoziba fyuzi kwa uzi wa waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara; hapo waya wa oveni ndio unageuka kuwa fyuzi, na nyumba inawaka.

Kata waya mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki. Menya ganda la nje kama sentimita 4, kisha ncha za ndani milimita 8 hivi, bila kukata nyuzi. Zisokote, usizitie risasi ya kulehemu, maana risasi hulegea chini ya skrubu.

Plagi ikiwa wazi mbele yako, ethi juu: waya wa kahawia unaingia penye herufi L, kulia, penye fyuzi. Bluu N, kushoto. Kijani na njano E, juu. Huu wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kuchomoka. Kaza kila skrubu, kisha vuta kila waya kidogo. Kishikio cha kamba kibane ganda la nje, si nyaya za ndani. Funga kifuniko.

Chomeka moja kwa moja ukutani. Hapa ekstensheni haifai. Washa nyuzi 180, acha dakika 15. Mwili wa oveni ukikupiga shoti hata kidogo, zima, chomoa, usiitumie mpaka fundi aione.

Toa unga friji, viringa vidonge vya gramu 15, utapata kama 35. Vibonyeze kwa uma, acha nafasi ya vidole viwili. Trei ikae katikati: kwenye oveni hizi koili ziko karibu sana, trei ikishuka biskuti zinaungua chini huku juu bado mbichi. Dakika 10 mpaka 12. Zitoe kingo zikiwa na rangi ya dhahabu na katikati bado laini, zitakauka zenyewe nje. Ukingoja zikauke ndani, utatafuna mawe.

Kabla ya kuingiza trei ya pili, zima swichi ya ukutani, chomoa, ushike plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, ifungue ikishapoa, kaza tena. Ikirudia hivyo, tatizo liko kwenye soketi, na trei ya pili isubiri fundi.