Soketi ya jikoni imenitesa wiki nzima

Mugonile, watu wangu wa Mbeya! Uyole mpo? Najua Juni hii maji ya bomba huko yanauma vidole. Leo tunaongea umeme.

Mnaiona hii yenye vitufe viwili katikati? Ndiyo soketi ya jikoni na bafuni huku Marekani. Kitufe kimoja cha kujaribia, kingine cha kurudishia. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua hata miliampia 5 tu, kuna mahali unavuja, labda mwilini mwako, basi inakata kabla hujasema "mama!"

Sasa hii yangu wiki nzima ni kata, rudisha, kata. Nikalishuku birika. Nikachomoa kila kitu, hadi chaja, nikabonyeza, ikakaa. Nikachomeka kimoja kimoja, vyote vizima. Nikajiona fundi! Usiku mvua ikanyesha, asubuhi imekata, na hakuna kilichochomekwa. Nikatoka mlango wa nyuma. Kuna soketi ya nje pale, kifuniko kimepasuka, ndani inatoa jasho. Kumbe imeungwa kupitia hii ya jikoni; ile ikilowa, hii ndiyo inakata. Sikuigusa. Nilizima breka, fundi akaja akabadilisha soketi na kifuniko. Imetulia.

Sijamaliza kufurahi, mdogo wangu akanitumia voisi: "Dada, ile swichi yenye kitufe cha T kwenye meni swichi inaanguka kila mama akiwasha hita ya bafuni. Fundi anasema aitoe, aunge moja kwa moja."

Weee! Hiyo ya T kazi yake ni ileile ya soketi yangu, kukata umeme ukivuja. Hizo za nyumbani nyingi hukata kwenye miliampia 30, na umeme wetu ni volti 230. Huku kwangu ni 120. Ukiitoa, hita itaendelea kuvuja vilevile, ila sasa inamvujia mama, kasimama majini peku.

Mdogo wangu, zima hita kwenye swichi yake, kisha pandisha ile ya T. Ikikaa, mtuhumiwa ni hita: koili ikichakaa ganda lake hupasuka, maji yakagusana na umeme. Isipokaa, usishindane nayo, ita fundi mwingine. Siyo yule! Na aangalie eathi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ule waya wake wa nje, siku nyingine nitawasimulia nani aliukata akatengenezea gari la waya.

Hela ya hita natuma leo jioni. Mama, kwa sasa ni maji ya jiko la mkaa, usinikasirikie.