"Si Unafanya Kazi Kwenye Ndege?" Nawajibu Kuhusu Tiketi za Stendibai

Haya jamani, habari za huko mliko. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, za kwenu nimezipokea. Leo sina utangulizi mrefu kwa sababu swali ni lile lile, la tiketi za stendibai, zile za punguzo za sisi wafanyakazi wa mashirika ya ndege, unapanda kiti kikibaki. Nikiweka video, hata ile niliyokuwa napika makande tu, mtu anaibuka kule chini: "Dada, si unafanya kazi kwenye ndege, mbona Krismasi huji?" Mwingine: "Nasikia nyie tiketi mnalipa elfu hamsini." Na kuna chalii mmoja wa Sakina, Arusha, yeye hata haulizi. Ananitumia jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti na tarehe anayotaka kuondoka. Aisee.

Kabla hujaandika kwamba najimwambafai, au kwamba nalalamika wakati wenzangu kazi hawana, sikiliza kwanza. Ukimaliza, andika utakacho. Na haya nasema ni yangu mimi. Kila shirika lina utaratibu wake, mwenzio akikwambia kwao ni tofauti, usije ukaniletea.

Mimi si rubani, wala si mhudumu wa ndani ya ndege. Niko Frankfurt, chini, kaunta na getini. Kampuni siitaji, kuna kodi ya nyumba ya kulipa. Jueni tu kwamba ndege zetu hazifiki KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Kwa hiyo nikija nyumbani napanda ndege za watu.

Tiketi zenyewe zina majina. Ukisikia ID90, umepunguziwa asilimia 90 ya nauli. ID50 ni nusu. Kwa ndege za mashirika mengine kuna mpango unaitwa ZED, mashirika yamekubaliana wao kwa wao, na bei inapangwa kwa umbali. Hapo ndipo zinapotoka hizo hadithi za elfu hamsini. Lakini punguzo ni la nauli, wapendwa. Kodi na tozo za viwanja nalipa kama abiria mwingine yeyote, na safari ya kuunganisha tozo zinaweza kuipita nauli yenyewe. Halafu Ujerumani nao wana yao: punguzo analokupa mwajiri wako ni sehemu ya kipato chako, likipita euro 1,080 kwa mwaka, kinachozidi kinakatwa kodi. Hiyo "bure" yenu ina risiti nyingi sana.

Tuje kwenye kiti. Unanunua tiketi, unajiandikisha kwenye ndege unayoitaka, lakini hapo hujapata kitu. Tiketi yetu ina alama ya R2, maana yake utapewa kiti kikibaki. Ipo R1 yenye nafasi ya uhakika, ila bei yake inapanda, na ukiweka pembeni ya ofa za mtandaoni unaweza kukuta mtu baki kalipa nafuu kuliko wewe mfanyakazi.

Siku ya safari unawahi kama wengine, unachekini, unapewa karatasi ambayo penye namba ya kiti pameandikwa SBY, yaani stendibai. Begi linafungwa lebo yake, linawekwa kando, haliendi popote mpaka ijulikane na wewe unakwenda. Kisha unakaa. Ni kama kwenda harusini bila kadi ya mchango: unasimama mlangoni umependeza, unawaona wenye kadi wanaingia, unaomba Mungu meza isijae. Wanaingia abiria wa nauli kamili wote. Kama ndege imeuzwa kuzidi viti, waliozidi ndio wanafikiriwa kwanza. Wanafuata wanaosafiri kikazi. Wanafuata wafanyakazi wa shirika lenyewe kwa miaka yao ya kazi, na familia zao, na wastaafu wao. Mkia kabisa, wafanyakazi wa mashirika mengine. Huyo ndiye mimi, kila safari ya KIA, hata nikifika uwanjani alfajiri. Kuwahi hakukutoi mkiani.

Na pale kununa hakuruhusiwi. Unavaa vizuri, unatabasamu, jirani yako humwambii umelipa ngapi. Ukimgombeza dada wa getini anapeleka ripoti kwa mwajiri wako, na haki yako ya kusafiri inafungiwa. Nimeshamwandikia mtu ripoti mimi mwenyewe, na ningemwandikia tena leo.

Kwa kuwa nakaa upande wa pili wa kaunta, najua dakika za mwisho zinavyokuwa. Nahesabu waliochekini, naangalia abiria wa kuunganisha ambao ndege yao ya kwanza imechelewa. Nikiona hawafiki, naita majina ya stendibai. Kuna siku nilimwita kaka mmoja, akaingia, akafunga mkanda, simu kaizima. Mara familia ikatokea inakimbia, baba kabeba mtoto begani, viatu vya mtoto kavishika mkononi. Nikamfuata yule kaka kitini, nikamwinamia: samahani mwenzangu, itabidi ushuke. Alishuka bila neno, na mizigo yake ya mkononi ikigonga viti vya watu.

Sasa wenye macho mmeshaona hiyo nyuma yangu si Frankfurt. Niko Moshi, kwa mama, ndiyo maana mnasikia majogoo. Nilitakiwa niwe kazini tayari.

Mfumo wetu unaonyesha hali ya ndege kwa vikatuni vya uso: kijani anacheka, njano kanyooka tu, mwekundu kanuna. Ya kwangu ilikuwa kijani kabisa. Tukaomba nyumbani, mzee wa kanisa akaja, Noah ikajaa watu na ndizi, mpaka KIA, tukakumbatiana, wakaondoka. Nafika kaunta, dada ananiambia kwa upole: viti vipo, uzito ndio haupo.

Hili watu hawalielewi, na nimeshachoka kulieleza kwa mjomba. Kiti kuwa wazi si nafasi. KIA iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, joto likiongezeka inakuwa nyepesi zaidi, na ndege inayoruka kwenye hewa nyepesi uzito wake unawekewa mpaka. Hapo huko inakokwenda hali ya hewa ikiwa mbaya, inaongezewa mafuta ya kuweza kuzunguka au kwenda uwanja mwingine, na mafuta ni uzito. Kinachopunguzwa kwanza ni kisicho na uhakika, yaani sisi. Mzigo uliolipiwa unatangulia kabla ya mwili wangu.

Mnaikumbuka ile ndege ya Ethiopia, Desemba 2013, iliyotakiwa kutua KIA ikatua Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha? Watu walikwenda kuishangaa kama sikukuu. Abiria walishushwa, na kuja kuondoka ilibidi iwe nyepesi, maana njia ya kurukia pale wakati ule ilikuwa fupi, mita 1,620 hivi, na Arusha iko juu kuliko KIA. Hesabu ni hiyo hiyo, ila mimi inanipata bila waandishi wa habari.

Basi nikawapigia wageuze gari. Walikuwa wameshaipita Boma Ng'ombe. Nafika nyumbani, mama keshavua mashuka ya kitanda changu, keshayaloweka. Jirani akachungulia ukutani: "Wamekufukuza?" Mpaka jioni kwenye kundi la ukoo imeshakuwa nimefukuzwa kazi. Hakuna aliyeuliza kama nimekula.

Na hapa niseme la moyoni kidogo. Send-off ya mdogo wangu sikufika. Mchango nilituma mapema, kamati ikaupokea vizuri tu, hakuna aliyesema mbona umetoka mbali. Nilikuwa nimekwama kwenye mji wa kuunganisha ndege, siutaji, nisije nikaitwa ofisini. Kila ndege ya KIA ikawa inajaa, nalala kwenye viti vya uwanja, najipaka mafuta chooni. Ikaja kusemwa kwamba nimejiona Mzungu. Ningekuwa nimelipa nauli kamili, shirika lingenitafutia njia. Stendibai hawana deni na wewe. Hata sheria ya Ulaya, ile kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inayowapa abiria fidia mpaka euro 600 ndege ikifutwa, imewatoa waziwazi watu wanaosafiri kwa nauli ya punguzo ambayo haiuzwi kwa kila mtu. Hoteli yangu, chakula changu, likizo yangu inaliwa.

Sasa Desemba. Jamani, nyie ni watu wa Moshi, kweli mnataka nieleze Desemba? Mabasi ya Dar yenyewe mnayajua. Wachaga wa Ulaya na Marekani nao wanarudi kula sikukuu, na wamelipa. Watalii wa kupanda mlima nao wamelipa. Kuna mashirika yanafunga kabisa stendibai msimu huo. Kwa hiyo mkiniona Machi, wakati kila mtu keshamaliza kunywa mbege, msiseme nimekuja kimya kimya kukwepa watu.

Njia ninayoitegemea mimi nikiona mambo magumu ni Nairobi. Ndege za Nairobi ni nyingi, viti vinapatikana, halafu unapanda shato, yale mabasi madogo, mpaka Namanga mpakani, unavuka, Arusha hiyo. Ukija kwa njia hiyo beba kadi ya njano ya chanjo, maana unatokea Kenya. Ni siku nzima ya kukalia makalio, ila unafika. Na usipange njia hiyo kama una mabegi ya zawadi za ukoo mzima. Mimi sasa hivi nasafiri na begi la mkononi tu, na wanaosema nimekuja mikono mitupu nawasikia.

Yule chalii wa Sakina, na wengine mliotuma majina: haiwezekani. Sisemi sitaki. Wanaoruhusiwa ni ndugu niliowasajili, wa karibu, kwa vyeti. Kuuza au kugawa tiketi hizi ni kufukuzwa kazi moja kwa moja. Ukiona mtu kwenye WhatsApp anauza "tiketi za wafanyakazi", hata kama kakutumia picha yupo na sare, weka hela yako mfukoni.

Na hao ndugu wa karibu wenyewe siyo mteremko. Nilitaka kumsajili mama. Wakataka cheti changu cha kuzaliwa kinachoonyesha yeye ni mama yangu. Cheti kina jina lake la ubatizo. Pasipoti yake ina jina la nyumbani, lile alilopewa na bibi yake. Nikapeleka kiapo cha wakili chenye muhuri. Wakasema hapana, wanataka hati moja yenye majina yote mawili. Nikaanza ofisi moja huku nyumbani, nikatumwa nyingine, nikaambiwa mfumo uko chini, nikaambiwa mwenye faili yuko semina. Faili likaja kupatikana kwenye meza nyingine kabisa, limewekewa chupa ya chai juu, lina duara.

Mama akasajiliwa. Tukasherehekea. Ikaja zamu ya viza ya Ujerumani. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya safari ya angalau euro 30,000, na wanataka kuona nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, yenye tarehe. Stendibai haina tarehe ya kuaminika, ndiyo maana ikaitwa stendibai! Nikawaonyesha ile tiketi yangu ya punguzo, wakanirudishia.

Nikapiga hesabu. Mama yangu ana magoti mabaya, lugha ya kule hajui, nimwache anasubiri kuitwa jina kwenye uwanja wa watu? Nikamnunulia tiketi ya kawaida, bei kamili, kwa awamu kwenye kadi yangu. Mwingine angefanya tofauti, simlaumu. Kwangu mimi stendibai ni ya mtu mmoja, asiye na tarehe ya kufikia, mwenye pesa ya tiketi kamili imekaa benki endapo mambo yatakataa. Kama hiyo pesa huna, kaa nyumbani.

Mama alikaa kwangu, akala baridi ya kutosha, akarudi. Na mpaka leo kwenye jumuiya anawaambia wenzake alipanda ndege bure kwa kazi ya mwanaye. Nilikuwa sijamsahihisha. Yuko hapo jikoni, anasikia, na kwa jinsi sufuria zinavyopigwa sasa hivi, naona ngoja nizime kamera nikamwone.