Kung'aa ndo kazi ya mwisho: mazungumzo na mafundi wa Jinja kuhusu maganda ya shaba

Habari zenu jamani, kaeni kaeni, ila ile benchi ya nyuma ina mguu mbovu msikae watano. Nimeambiwa niongee juu ya shaba ya njano, hii mafundi tunaita burasi, na nimeona nianze na kitu ambacho hapa Uganda hamtakifanya nyumbani, yaani kusafisha maganda ya risasi ili yajazwe tena. Msiniangalie ivo. Hapa kuna Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, risasi si kitu cha kutengeneza nyuma ya nyumba, na ukiokota ganda shambani usilitie mfukoni, waite polisi, maana penye ganda tupu panaweza kuwa na zima. Mimi nilijifunza Afrika Kusini, Limpopo, kwenye shamba la wawindaji, kule mwenye leseni anaruhusiwa kujaza zake, na kazi yangu ilikuwa kuosha. Miaka minne naosha maganda tu, mke wangu alidhani namdanganya.

Sasa kwa nini ganda liwe la burasi? Ile ni shaba kama asilimia 70 na zinki asilimia 30. Bunduki ikilia ganda linavimba, linabana ukuta wa chemba, kile chumba cha bunduki risasi inamokaa, gesi isirudi kwa mpigaji, alafu linanywea kidogo ndo linatoka. Chuma hakinywei vizuri hivyo. Wazee hapa watakumbuka shaba ya Kilembe ilivyokuwa inaletwa na treni kutoka Kasese mpaka kinu cha kuyeyushia hapahapa Jinja, basi ile ile ukiichanganya na zinki unapata burasi, koki ya maji, tarumbeta, ganda, ni ndugu.

Mzee wa kule, Kaburu mmoja mkali lakini mwenye subira, siku ya kwanza nilimletea ndoo maganda yanang'aa kama pete ya harusi, nikasimama nisubiri sifa. Akachukua moja, akachukua waya mwembamba aliokunja ncha, akauingiza ndani akawa anaukwaruza taratibu karibu na kitako, waya ukakwama. Akanipa nijaribu. Kweli, kuna kamfereji unakasikia na kidole. Nje palikuwa na mstari mwepesi tu unaozunguka, mng'ao wangu ulikuwa umeufunika. Ganda hilo likijazwa tena linakatika vipande viwili ndani ya bunduki. Tangu siku ile nikawa naangalia kabla ya kuosha, naosha, alafu naangalia tena, shingo kama imepasuka, kitako kama kimetanuka, na yale yenye matundu mawili madogo ndani badala ya moja naweka pembeni kwa sababu fataki yake, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, haitoki kwa sindano ya kawaida.

Fataki unaitoa kwanza, ndo maji yafike mpaka kwenye kitundu chake. Na hapo kuna sumu, nisikilizeni. Masizi ya fataki mara nyingi yana risasi, yale madini Waingereza wanaita lead, na mnajua Kiswahili chetu kinaita madini hayo na kinachotoka kwenye bunduki jina moja, basi ukisafisha kavu lile vumbi unalivuta. Mimi nilikuwa nakula posho na mikono ileile, banange! Siku hizi nasema nawa kwa sabuni, usifagie pakavu, na mtoto asikae karibu.

Njia ziko mbili. Ya kavu ni mashine ya kutikisa na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndio, magunzi, haya tunayowashia moto hapa, wenzetu wanayapakia kwenye mifuko wanayauza kwa hela nzuri. Yanatoa vumbi na punje yake inapenda kuziba kale katundu ka moto chini ya ganda, kwa hiyo unachungulia moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Ya maji ni pipa linalozunguka, sindano ndogo sana za chuma kisichoshika kutu, maji, tone la sabuni ya vyombo na asidi kidogo ya limau, masaa machache, yanatoka mapya hata ndani. Alafu unahesabu matatizo upya, sindano imebaki kwenye shingo, maji yamebaki ndani. Maji na baruti havikai nyumba moja. Kule walikausha kwenye jiko, moto mdogo usiofika digrii 100, maana ukizidisha sana kitako kinalainika na kitako laini hakifai kabisa. Jua letu la saa sita lingetosha.

Asidi nayo ina kiasi. Niliwahi kuloweka ndoo nzima kwenye siki nikalala, asubuhi yamekuwa ya pinki kama samaki aliyekaangwa nusu. Zinki ilikuwa inatoka, inabaki shaba. Mzee hakubishana wala hakupima, akayamwaga yote kwenye pipa la vyuma chakavu, na mshahara ule mwezi sitaki kuusema.

Lakini adui mkubwa ni amonia. Waingereza walipokuwa India karne ya 19 jeshi lao liliweka risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, wakija kuzitoa maganda yamepasuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Ilifika 1921 ndo wataalamu wakaeleza vizuri, ni amonia ya mkojo wa farasi inaingia kwenye burasi ambayo bado imejikaza tangu ilipovutwa kiwandani, dawa yake ni kuipasha moto kwa kipimo ule mkazo utoke. Sasa wewe una stoo yako, ukuta mmoja na banda la kuku, umeweka koki na vali mpya, lile harufu linalokukata macho asubuhi ni hilohilo.

Na ile dawa ya kung'arisha ya kwenye kopo, kabla hujanunua soma kama ina amonia, kama huwezi kusoma fungua unuse.

Dada pale ameuliza tarumbeta ya kanisa, kama asugue na ukwaju. Ukwaju sawa, ni asidi nyepesi, pakaa, sugua na kitambaa laini, suuza haraka ukaushe, usiloweke. Ila kwanza angalia kama ina vanishi juu, nyingi zinayo, hiyo unafuta kwa maji ya uvuguvugu tu maana ukisugua vanishi inatoka madoamadoa. Na ukiona sehemu imegeuka pinki, acha kusugua niletee.

Haya, nani alikuja na zile koki? Zimwage hapa mezani, tuanze na hiyo yenye kijani.