Injini Ndiyo Kazi Rahisi: Mhadhara kuhusu Kubadili Injini katika Magari ya Misuli ya Marekani

Wazee, shikamooni. Walimu wangu, na ninyi wanangu wa ufundi magari, habari za mchana.

Mwalimu wenu aliponiomba nije kuzungumza aliniambia nichague mada yoyote ya gereji. Nimechagua hii kwa sababu nimekaa Ohio zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nimeinamia boneti za magari haya. Halafu leo naingia getini, naona Land Rover yenu ya mazoezi, nachungulia, nakuta injini ya Toyota. (Kicheko.) Basi hamna haja ya kuelezwa kubadili injini ni nini. Nitawaambia wenzenu wa Marekani wanafanyaje, na wanachemsha wapi, mimi nikiwemo.

Gari la misuli kwa Mmarekani ni gari la saizi ya kati, aghalabu milango miwili, bei ambayo kijana wa kiwandani aliweza kujibana akalipa, na ndani yake V8, injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V, iliyotengenezewa gari kubwa zaidi. GTO, Chevelle, Road Runner. Mustang na Camaro ni wadogo zao. Wapo wabishi watakaokuambia hao si wa ukoo huo kabisa, waacheni na ubishi wao. Zama zake ni fupi, kuanzia 1964 hadi miaka ya mwanzo ya sabini.

Sasa, kila ninapotoa injini ya zamani kwenye gari kama hilo, hatakosekana mzee mmoja wa kutikisa kichwa. Mmoja alizunguka Camaro niliyokuwa naifanya, mikono nyuma, akaniambia, "Kijana, umelitoa roho." Nilimheshimu nikanyamaza. Lakini ninyi nitawaambia nilichotaka kumjibu.

Mwaka 1963 General Motors walikuwa na sheria yao ya ndani: gari la saizi ya kati lisipewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo, yaani kama lita 5.4. Pale Pontiac, tawi lao mojawapo, mhandisi mkuu alikuwa John DeLorean. Yeye na wenzake walikuwa na gari la kati, Tempest, lenye injini ya inchi 326. Na walikuwa na injini nyingine ya magari makubwa, inchi 389, lita 6.4. Kwa nje zile injini mbili ni pacha, zinakaa kwenye maunti zilezile. Mnaona inakoelekea? Sheria ilizungumzia gari. Haikusema kitu kuhusu nyongeza anazochagua mteja. Wakaiingiza 389 kama nyongeza kwenye Tempest LeMans, wakaiita GTO, nguvu za farasi 325, na 348 ukitaka kabureta tatu. Walitarajia kuuza 5,000. Mwaka huo wa kwanza, 1964, ziliuzwa 32,450.

Kwa hiyo gari ambalo wengi wanalihesabu kuwa ndilo lililoanzisha ukoo lilizaliwa kwa kubadilishiwa injini, tena kwa kuwazunguka wakubwa wa ofisi.

Hawakuishia hapo. Kuna mji mdogo Pennsylvania unaitwa Canonsburg. Don Yenko alikuwa na duka la Chevrolet pale, nalo ni tawi jingine la General Motors. Mwaka 1967 Camaro hairuhusiwi kuzidi inchi 400, basi Yenko anachukua Camaro mpya kabisa, anatoa injini ya 396, anaweka 427 ya lita 7, anauza. Duka la magari limegeuka gereji! Baadaye akachoka kufungua na kufunga, akatumia mlango wa nyuma: utaratibu wa oda maalumu ulioitwa COPO, ambao kampuni iliuweka kwa ajili ya teksi na magari ya polisi. Kwa njia hiyo kiwanda chenyewe kikamfungia 427 kwenye Camaro za 1969. Kwa mlango huohuo zilitoka Camaro 69 tu zenye injini ya ZL1, ya aluminiamu tupu. Injini hiyo peke yake iliongeza bei kwa zaidi ya dola 4,000, na baadhi ya magari hayo yalikosa mnunuzi yakarudishwa. Leo ukilipata moja, uza nyumba.

Nasema haya ili mjue kwamba yule mzee wangu wa roho hakuwa na hoja upande huo. Alikuwa nayo upande mwingine, nitafika.

Sherehe iliisha upesi. Bima ilipanda, sheria za moshi zikaja, mwaka 1973 mafuta yakakatwa. Tena kuanzia modeli za 1972 nguvu zikaanza kutangazwa injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, si tupu mezani kama zamani, kwa hiyo namba zikaporomoka hata pale injini ilipokuwa ileile. Corvette ya kawaida ya 1975, gari la fahari lile, ilitangazwa kwa farasi 165.

Rukeni hadi 1997. Corvette mpya inatoka na injini inaitwa LS1. Lita 5.7, karibu ujazo uleule wa 350 ya zamani, lakini farasi 345, na hizo ni za kipimo kipya kigumu. Bloku ya aluminiamu. Haina distributa, kila silinda ina koili yake. Mnaojua injini mtashangaa kitu kimoja: kemshafti bado iko moja tu, katikati ya V, na inasukuma valvu kwa vijiti kama injini ya babu. Watu wa Ulaya waliicheka. Lakini fundi akiitazama anaona kitu kingine. Juu ya hedi hakuna kemshafti, kwa hiyo injini ni fupi na nyembamba, inaingia popote. Linganisheni na Coyote ya Ford ya 2011: lita 5, farasi 412, injini nzuri sana, ila ina kemshafti nne juu ya hedi, pana kama meza. Ukitaka kuiweka kwenye Mustang ya 1965 inagongana na minara ya shokapu. Unakata minara, unajenga sehemu ya mbele upya. Umeanza na injini, umemalizia na bodi.

Kuanzia 1999 General Motors wakaiweka familia hiyohiyo ya injini, mafundi tunaiita LS, kwenye pikapu zao, nyingi kwa bloku ya chuma: 4.8, 5.3, 6.0. Pikapu Marekani ni nyingi kama bodaboda hapa. Zinagongwa nyuma, zinagongwa ubavuni, zinaishia skrepa injini ikiwa nzima. Hapo ndipo fundi wa kawaida, asiye na pesa za injini mpya ya kwenye kreti, alipopata mlango.

Mfano wangu ni ileile Camaro ya yule mzee. Ya 1967, ilitoka kiwandani na silinda sita ya inchi 230, farasi 140. Mwenyewe aliirithi kwa mama yake. Akataka 5.3 ya pikapu. Nikaenda skrepa, na hapa shikeni kalamu: usinunue injini peke yake. Nunua na waya zake zote, kompyuta yake, na kama pedeli ya mafuta ni ya umeme, ing'oe na pedeli. Kompyuta imezoeana na pedeli yake. Ukileta ya gari lingine zinaweza zisielewane. Halafu kompyuta inangoja salamu kutoka kwenye ufunguo wa pikapu ambao hauna, lazima ulinzi huo uzimwe, la sivyo injini inawaka sekunde mbili inazima. Nimeona mtu amebadilisha pampu ya mafuta mara mbili kwa sababu hiyo.

Kuingiza injini kulichukua Jumamosi moja. Sampu ya pikapu, lile bakuli la oili chini ya injini, ina kina kirefu, ingening'inia chini ya krosimemba, basi tukafunga ya Camaro ya 1998. Maunti za silinda sita hazikufaa, tukaweka za V8 na sahani za kuunganishia. Gia boksi tuliyoweka ni ya pikapu yenyewe, kwa hiyo kazi ilibaki kupunguza propela shafti. Mkitaka kubaki na gia boksi ya zamani, pimeni: krenki ya LS kwa nyuma ni fupi kwa milimita 10 hivi kuliko ya injini ya zamani, inahitaji kipande cha kujazia.

Jumapili tulikaa tukaitazama, imependeza. Miezi minne baadaye bado tulikuwa tunafanya kazi.

Mafuta kwanza. Kabureta ilikuwa inapewa mafuta kwa presha isiyofika nusu bar. LS inataka karibu bar 4. Zile hosi za mpira za 1967 ukizipa bar 4 unatengeneza bomu, si gari. Tangi nalo ndani halina vizuizi, ni kama ndoo. Ukikata kona mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inameza hewa. Tukabadilisha tangi, bomba, kila kitu.

Breki zilikuwa dramu magurudumu yote manne. Springi za nyuma za Camaro ya 1967 zina jani mojamoja, na ukikanyaga kwa nguvu ekseli inarukaruka kama mbuzi kafungwa. Hizo nazo tukazibadilisha.

Na sasa kosa langu. Kwenye hedi za LS, mbele kwa juu, kuna kibomba chembamba kama kalamu. Kazi yake ni kutoa mvuke unaonaswa juu ya hedi, kuurudisha kwenye rejeta. Rejeta ya zamani haina tundu la kupokelea. Mimi nikakiona, nikasema hiki kidogo hivi kitakuwa na kazi gani, nikakiziba. Geji ya joto ikasoma vizuri wiki tatu. Sensa inapima maji, na pale mvuke ulipojaa maji hayakuwepo. Gaskiti ya hedi ikaungua, upande wa kushoto, na nililipa mwenyewe. Kibomba hicho ukikipeleka kwenye rejeta gharama yake ni fitingi moja na hosi ya futi tatu.

Mwanafunzi mmoja ameuliza kuhusu umeme. Ndiyo, unakuja. Mwaka 2021 Ford walianza kuuza mota ya Mustang yao ya umeme ikiwa peke yake, farasi 281, dola 3,900. Vijana wakashangilia bei. Kisha wakasoma orodha: betri haimo, inverta haimo, kompyuta ya kuiendesha haimo. (Kicheko.) Mnaona? Ni Jumamosi yangu ileile.

Sasa nirudi kwa mzee. Chevrolet ya 1969 yenye V8 ina sehemu bapa mbele ya bloku, upande wa kulia, chini ya hedi. Mara nyingi pale pamegongwa sehemu ya namba ya chasisi, na herufi zinazosema injini ni ya aina gani. Namba zikilingana na za gari, bei inaweza kuruka mbali sana na ya gari lingine linalofanana nalo. Safisheni pale kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki. Msipeleke msasa, msipeleke brashi ya waya. Alama za kiwandani zikifutika, mnunuzi atadhani namba imegongwa juzi, na wapo wanaogonga juzi kweli. Someni namba kwanza, piga picha, ndipo mfungue boliti ya kwanza. Chevelle au Camaro ya namba zake, mimi siikati. Mteja akishikilia, namwelekeza kwa mwingine.

Swali la mwisho, naona mwalimu anatazama saa. Ndiyo, dada wa nyuma? ... Ameuliza ile silinda sita ilikwenda wapi. Iko kwa mwenyewe, kona ya gereji ya nyumbani, juu ya paleti ya mbao. Tulimwaga oili kwenye silinda, tukarudisha plagi, tukaifunga nailoni. Boliti zake ziko kwenye kopo la kahawa, na juu ya kopo nimeandika jina la mama yake.