Kuku wa Kienyeji na Kiwango cha Mtaa Mzima
(Mhadhara kwa wafugaji wa Makunduchi, Unguja)

Assalaam alaykum, mama zangu, wazee wangu na vijana wa Makunduchi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kupandisha kiwango cha ufugaji wetu. Wengi hapo hufikiria banda la matofali na chakula cha gunia. Mimi naanzia kwengine. Kuku wetu hufunguliwa asubuhi. Wa kwako anakwenda kuparura nyuma ya jiko la jirani, jimbi wa jirani anakuja kunywa maji uani kwako. Basi nyumba moja haiwezi kuwa na kiwango peke yake. Ama tunacho mtaa mzima, ama hatunacho.

Tazameni kideri, maana ndicho kinachotumaliza. Kuku anazubaa, anashusha mbawa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda tupu. Ni ugonjwa wa virusi, hauna dawa. Kinga yake ni chanjo. Ipo chanjo iitwayo I-2, tone moja jichoni, kifaranga na kuku mkubwa dozi ile ile. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi za kuku, na hilo kwa vijiji vyetu ni jambo kubwa, ingawa isiachwe juani. Hurejewa kila baada ya miezi 3, isizidi 4. Wachanjwe wakiwa wazima, kwa sababu aliyekwisha kuugua haimponyi.

Tatizo ni kwamba kichupa kimoja kina dozi 100 au zaidi, na bibi ana kuku 12. Akinunua peke yake, nyingi zinamwagwa, kwani kikishafunguliwa hakikai. Wakichanga majirani kumi, kila mmoja anatoa kidogo na kichupa kinakwisha siku hiyo hiyo. Tena nyumba ikiachwa bila kuchanja, ugonjwa unabaki na pa kujificha katikati yetu.

Jengine nalisema kwa uchungu. Kuku akianza kuzubaa tunamkimbiza sokoni ndani ya pakacha, au tunamchinja haraka asife kibudu, kisha manyoya na matumbo tunayatupa jaani, na kuku wa mtaa mzima wanakuja kudonoa pale pale. Najua ni fedha ya mtu, na mama aliyelea kuku wake miezi sita haoni raha kumpoteza. Lakini kuku mgonjwa asitoke nyumbani. Aliyekufa achomwe, au azikwe kwenye shimo refu ambalo paka hawezi kulifukua. Kuku mgeni, hata akiwa zawadi, afungiwe mbali na wenzake wiki 2.

Vifaranga nao wanahitaji tenga mwezi wa kwanza. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji, na sasa wanatuvizia uani. Humo tengani watieni chenga za mchele, dagaa waliopondwa na maji safi. Chicha la nazi liwe la siku hiyo. Likiota ukungu ni sumu.

Sasa soko. Hoteli ziko Paje na Jambiani, si mbali. Anayenunua mayai kwa ajili ya wageni anataka kujua yametagwa lini. Yakusanyeni kila siku, muandike tarehe kwa penseli, na yai lililokwisha kulaliwa na koo lisiingie katika trei ya kuuza. Kuku akipewa dawa, someni kwenye kichupa siku ngapi mayai na nyama yake visiliwe, na mzihesabu kweli. Koo wetu mmoja hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa hiyo hakuna nyumba itakayoijazia hoteli trei zake kila wiki. Nyumba ishirini zinaweza, ila yai chafu la mmoja litawafukuzia wateja wote.

Naomba tuanze na siku moja ya chanjo. Sheha atangaze mapema, kuku wafungwe magharibi, na alfajiri kabla ya kufungua vijana wawili wapite nyumba kwa nyumba, mmoja anashika, mmoja anatia tone. Daftari ninalo hapa. Anayetaka kuandikisha nyumba yake aje mbele, aseme ana kuku wangapi, na vifaranga awahesabu pia.